Siku Kumi na Tisa za Verlin Odom

Verlin Odom alicheza Ligi Kuu ya besiboli siku kumi na tisa, Agosti ya mwaka 1977, na mtu pekee katika timu yetu aliyejua kwa nini hazikufika ishirini nilikuwa mimi. Jina langu Garland Meeks. Nilikuwa mrushaji kama yeye, na siku zote hizo kumi na tisa tulikaa bega kwa bega kwenye benchi moja tukitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Usinitafutie sababu nzuri. Nimezitafuta mwenyewe na nimechoka.

Mwaka ule tulikuwa tunaburuza mkia. Kufikia Agosti hata wauza soseji pale uwanjani walikuwa wameacha kututazama, wanageuza mgongo na kupiga soga zao. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na saba, kiwiko kimekwisha, na kocha aliniingiza pale tu tulipokuwa tumeshafungwa vya kutosha, nimalize siku watu wakale. Lakini bado nilikuwa Ligi Kuu. Niliivaa jezi ile tangu nikiwa na miaka ishirini na sikujua kufanya kitu kingine chochote duniani. Mke alikuwa ameshaondoka, marafiki niliocheza nao wote walikuwa wameshaachwa, na kila asubuhi nilikisikiliza kiwiko changu kabla sijafungua macho. Nilikuwa naogopa. Ndiyo neno lenyewe.

Basi Szabo, mrushaji wetu wa kutegemewa, akachanika msuli wa paja. Daktari akasema wiki tatu. Wakamwita Verlin kutoka ligi ndogo aje kuziba pengo. Timu ina nafasi ishirini na tano na haziongezeki, kwa hiyo Szabo akirudi ni lazima mmoja atoke, na wa kutoka alikuwa kati ya wawili: huyu mgeni, au mimi. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa mdomo. Kila mtu alilijua tangu siku ya kwanza.

Alifika na sanduku lililofungwa kamba na glavu mbili mkononi, mtu mrefu, shingo ndefu, masikio makubwa, miaka ishirini na tisa. Alikuwa ametumikia ligi ndogo miaka kumi. Miaka kumi ya kulala kwenye mabasi, kula mikate baridi na kucheza mbele ya watu mia mbili. Alitueleza mambo yake bila aibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mkewe, Nadine, alimpa hadi mwisho wa Septemba. Katika mji wao huko Arkansas kulikuwa na kiwanda cha kuku, na kaka yake Nadine, aliyekuwa msimamizi humo, alikuwa amemwekea nafasi. Akibaki Ligi Kuu, vizuri. Asipobaki, anavaa aproni, na habari za besiboli zisisikike tena ndani ya nyumba.

"Kazi yenyewe ni ipi?" Bo Trimble, mdakaji wetu, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, akamuuliza.

"Kukata mabawa."

"Mabawa tu?"

"Mapaja ni watu wengine. Huko hufiki hivi hivi, mpaka uwe na uzoefu."

Tulicheka mpaka Bo akakaa chini. Tangu siku hiyo jina lake likawa Kuku. Kuku, njoo. Kuku, pasha mwili. Hakukasirika hata mara moja. Nadhani alifurahi kwamba amepewa jina, maana mtu wa kupita hapewi jina.

Kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, sisi wenyeji tulikuwa na majina yetu juu ya makabati, yamechongwa kwenye vibao vya shaba. Wageni waliandikiwa kwa kalamu juu ya plasta nyeupe, ile ile ya kufungia vifundo vya miguu. Verlin alisimama akaitazama plasta yake muda mrefu, kisha akaipitishia kidole gumba ili ishike vizuri.

"Hii itadumu?" akaniuliza.

"Itadumu siku unazohitaji," nikamjibu.

Akacheka. Alidhani natania.

Warushaji wa akiba tulikaa nyuma ya uzio, upande wa kulia wa uwanja, mahali tunapopaita zizini. Huko ndiko tunakopasha mwili tukingoja simu ya kocha. Tuna mazoea yetu: mrushaji anapopasha, mwenzake anashika gongo na kusimama mbele yake mahali pa mpigaji. Hapigi. Anasimama tu, ili mwenzake aione picha ya mtu. Siku ya kwanza ya Verlin, zamu ya kusimama ilikuwa yangu.

Alikuwa na aina mbili za mipira. Wa kasi, ambao haukuwa na kasi ya kumtisha mtu, na wa kupinda. Ule wa kupinda ndio uliomlisha miaka kumi. Ulikuja umenyooka kuelekea kifuani, mwili wako wote unakuambia ukimbie, halafu unakatika na kudondoka magotini. Katika miaka yangu kumi na saba sikuwahi kuwa na mpira mzuri kama ule. Niliuonea wivu papo hapo.

Kisha nikaona kidole. Warushaji wengi wanaacha kidole cha shahada cha mkono wa glavu kikae nje, juu ya ngozi. Verlin naye alifanya hivyo. Alipokuwa anaandaa mpira wa kasi, kidole kilitulia. Alipokuwa anaushika ule wa kupinda, mkono wa kulia ukiwa umezama ndani ya glavu kutafuta mishono ya mpira, kile kidole cha nje kiliinuka. Kiasi cha upana wa ukucha, si zaidi. Nikaanza kubashiri kimoyomoyo. Kasi. Kasi. Kupinda. Kasi. Kupinda. Alirusha mipira kumi na tano, nami sikukosea hata mmoja. Na mpigaji akijua mpira upi unakuja, mrushaji amekwisha.

Mtu anaweza kuuliza mbona wengine hawakuona. Bo hakuona kwa sababu mdakaji ndiye anayetoa ishara ya mpira upi urushwe, na hana haja ya kuchungulia jibu alilolitoa mwenyewe. Makocha walisimama pembeni, na kwa pembeni glavu inakificha kidole. Kule ligi ndogo wapigaji ni vijana wenye pupa, wanauwaza mpira tu. Aliyeweza kukiona ni mpigaji aliyetulia, anayejua kutazama, na asubuhi ile mtu huyo alikuwa mimi.

Kati yetu warushaji kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Ukiona mwenzako anajianika hivyo, unamwambia kabla hajavua viatu. Humpendi, unamwambia. Alikutongozea mkeo, unamwambia kwanza kisha ndiyo mnapigana. Mimi mwenyewe niliambiwa nikiwa kijana. Nilikuwa nauma mdomo kila nilipotaka kurusha mpira wa polepole, na mzee mmoja anayeitwa Fessenden akanivuta kando akanionyesha mbele ya kioo. Alikuwa anagombea nafasi hiyo hiyo na mimi. Nilirekebisha, nikabaki, akaachwa yeye.

Verlin alimaliza kupasha, akaja anafuta jasho.

"Unaonaje, Mzee?"

"Uko vizuri," nikasema.

Kesho nitamwambia. Hivyo ndivyo nilivyojisemea, na naapa wakati ule niliamini.

Siku hiyo hiyo mchana simu ililia zizini, Kuku akaitwa. Alikutana na wapigaji watatu. Watatu wote walipunga magongo hewani, wakaukosa mpira na kurudi kukaa. Uwanja uliokuwa umesinzia ukaamka kidogo, mtu mmoja juu kabisa akapiga kelele kama jogoo, wengine wakadakia, na Verlin akatembea kurudi benchi ameinamisha kichwa ili tusione anavyotabasamu. Bo akampiga kofi la mgongoni. Hollis, kocha wetu mkuu, ambaye alikuwa hajamsifia mtu tangu Pasaka, akasema, "Hiyo ni kazi." Nami nikajisemea: mambo yanamwendea vizuri, kwa nini nimchanganye mtu akili?

Wiki moja nzima mambo yakamwendea vizuri. Alikuja Ligi Kuu kwa muda mfupi na akaipenda kila dakika yake. Alizipenda taulo. Alipenda kwamba mtu mwingine anamsafishia viatu. Aliniganda mimi kuliko wote, kwa sababu alikuwa amenisikia redioni tangu akiwa shuleni, na aliniuliza maswali mpaka mate yakanikauka. Nikamfundisha, ndiyo. Nilimfundisha asiwasalimie waamuzi kwa majina. Nilimfundisha wapigaji wenye hasira na wapigaji waoga, nani umrushie karibu na nani umwache. Nilimpeleka kula nyama ya mbavu kwa mama mmoja Mpolandi nyuma ya uwanja. Alipompigia mkewe kwa simu ya chumba cha kubadilishia nguo nilimsikia akisema, "Kuna mzee hapa ananishika kama mdogo wake, Nadine. Meeks. Ndiyo, yule yule!" Nikatoka nje. Nilivyotoka, sikwenda kutafuta namna ya kumwambia. Nilikwenda kuuliza paja la Szabo linaendeleaje.

Siku ya kumi na moja ikaja timu iliyokuwa ikiongoza ligi. Walikuwa na mpigaji mkongwe, Arceneaux, mtu mwenye macho madogo na subira ya paka. Verlin akamrushia mipira miwili ya kupinda, mizuri kweli. Arceneaux hakutikisika hata kope. Halafu ukaja wa kasi, akaupiga ukaruka ukuta wa nyuma ya benchi letu na kwenda kugonga magari huko nje. Aliporudi kwa wenzake nikamwona akikaa, akainua kidole cha shahada mara mbili, polepole. Benchi zima likaegemea mbele kutazama. Habari za namna hiyo hazingoji barua. Baada ya siku tatu ligi nzima ilikuwa inajua kile ambacho mimi nilikuwa nakijua tangu siku ya kwanza.

Kuanzia hapo walimpiga, kila alichorusha walikipeleka mbali. Walimpiga wakubwa, walimpiga wadogo, alimpiga hata mrushaji mmoja wa upande wa pili ambaye hakuwa amegusa mpira kwa gongo tangu mwezi wa tano. Ule mpira wake mzuri ulidondoka magotini mwa watu kama zamani, ila hakuna tena aliyedanganyika. Wauza soseji wakaanza kututazama tena, kwa sababu wanaume wazima wakipigwa hadharani ni burudani.

"Kuku," akasema Bo kwa upole, na Bo kuwa mpole ilikuwa ishara mbaya, "unarusha vilevile. Sielewi, bwana. Unarusha vilevile kabisa."

Asubuhi ya siku ya kumi na saba Verlin alinikuta zizini peke yangu. Uwanja ulikuwa mtupu, watunza nyasi wanamwagilia maji. Hakuwa amelala, macho yake yalionyesha. Alikuwa ameshika gongo, akaninyooshea.

"Mzee, nina ombi. Wananisoma."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Lakini naona. Wanajua kabla sijarusha. Kuna kitu naonyesha, sijui mdomo, sijui bega. Nimesimama mbele ya kioo cha hotelini mpaka mwenzangu wa chumbani akanitukana. Sioni. Wewe una macho. Simama pale, nitazame. Niambie ukweli hata kama ni mbaya."

"Kwa nini usimwombe kocha?"

"Kocha akijua nina kasoro, ananirudisha leo leo. Wewe ni mtu wangu. Tafadhali, Mzee. Nadine anakuja keshokutwa. Amekata tiketi ya basi, hajawahi kuniona nikicheza huku juu."

Nikalichukua gongo. Nikasimama. Watunza nyasi walikuwa na redio ndogo, inaimba. Verlin akapanda kwenye tuta la warushaji, akazamisha mkono ndani ya glavu, akanitazama.

Kidole kikainuka. Sikuhitaji hata kukitafuta. Kikainuka tena. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwa mtu ambaye miaka yake kumi ilikuwa imening'inia kwenye kidole kimoja, na dawa yake ilikuwa kukiambia kikae ndani ya glavu. Maneno matano. Alirusha mipira ishirini, na baada ya kila mmoja aliniangalia usoni, akingoja. Niliwaza Szabo, ambaye jana yake alikuwa amekimbia bila kuchechemea. Niliwaza kibao changu cha shaba. Nilimwaza hata Fessenden, na nilichomwaza ni kwamba sikuwahi kumsikia tena baada ya kuachwa.

"Haya," akasema. "Niambie."

"Sioni kitu," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Ni mkosi tu, dogo. Hutupata wote. Rusha kwa nguvu zaidi."

Akashusha pumzi, mabega yakashuka. Alinishukuru. Alikuja mpaka pale nilipokuwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru. Nikarudi kwenye benchi nikala mbegu.

Nadine alifika Jumapili asubuhi. Mwanamke mfupi, gauni la kanisani, pochi ameibana kwapani. Verlin alimpitisha kwangu kabla ya wengine wote.

"Ndiye huyu," akasema.

"Shemeji," nikamwambia, "karibu sana."

"Verlin anasema usingekuwa wewe angeshakufa kwa woga."

"Anatia chumvi."

"Hajui kutia chumvi," akasema Nadine. "Ndiyo shida yake. Leo atacheza?"

"Mwombee acheze."

Aliomba, bila shaka. Saa tisa alasiri simu ikalia zizini, tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, na Hollis akamtaka Kuku. Alitaka kumpa nafasi ya mwisho, sasa najua. Verlin akakimbia kuelekea katikati ya uwanja, na kutoka zizini nilimwona Nadine upande wa familia, amesimama, amevua kofia.

Sitaki kuirefusha. Mpigaji wa kwanza alipiga. Wa pili alipiga. Wa tatu aliuacha mpira wa kupinda upite, akauacha wa pili upite, akatabasamu, kisha akaupiga wa kasi mbali hata wachezaji wetu hawakugeuka kuukimbilia. Verlin akarusha kwa nguvu zaidi, kama nilivyomwambia, na kila alivyoongeza nguvu ndivyo ulivyoruka mbali. Watu wakaanza kuzomea. Mtu akapiga kelele, "Mrudisheni bandani!" wote wakacheka, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshavuja mpaka kwenye magazeti. Nadine hakukaa. Alisimama vile vile mpaka Hollis alipotoka benchi na kutembea, taratibu, mikono mifukoni, kwenda kuuchukua mpira. Akaninyooshea mkono mimi kule zizini, niingie. Niliingia nikapita karibu na Verlin anayetoka, na yeye, akiwa katika hali ile, akanipiga begani na kuniambia, "Wamalize, Mzee."

Asubuhi iliyofuata Szabo alikuwa amesharudi. Nilipoingia chumbani plasta haikuwepo tena. Verlin alikuwa anafunga lile sanduku lake kwa kamba, mbele ya kabati lisilo na jina. Wachezaji walikuwa wameshapata kazi za ghafla mahali pengine. Ndivyo tulivyokuwa, mtu akiachwa tunamkimbia kama ana upele.

"Septemba bado ina siku zake," nikasema, ili niseme kitu.

"Hapana. Nimemwambia Nadine basi. Nikirudi ligi ndogo nitakuwa namdanganya." Akakaza fundo. "Unajua kinachoniuma, Mzee? Sijui nilikosea wapi. Ningejua kosa, ningelala."

Hapo bado ningeweza. Nafasi yangu ilikuwa imeshapatikana, yeye alikuwa ameshakatwa, ukweli usingenigharimu chochote zaidi ya sura yangu mbele yake. Niliithamini sura yangu. Nikamtakia safari njema.

Mimi nilibaki wiki tano. Nikarusha mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilipigwa. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, mazoezini, kijana wa miaka ishirini na moja alichukua nafasi yangu, na mtu wa stoo akaking'oa kile kibao cha shaba kwa bisibisi huku akipiga mluzi. Wiki tano. Ndicho nilichokinunua. Baadaye nikauza vipuri vya matrekta huko Kansas, na bado nauza.

Miaka minane ilipita. Siwezi kusema nilimwaza kila siku, ila siku ambazo sikumwaza zilikuwa chache. Mwaka 1985 nilimpigia simu. "Mzee! Kumbe uko hai!" akasema, akaniita Jumapili nikale. Niliendesha gari tangu alfajiri, nikiyapanga maneno njia nzima.

Nilimkuta barazani, amenenepa, nywele zimepungua. Bado alikuwa kiwandani. Baridi ya mle ndani ilikuwa imemvimbisha vidole, glasi ya chai ya barafu aliishika kwa viganja viwili. Tuliongea habari za Bo, aliyefungua duka la matairi, na za Hollis, aliyekufa. Nadine alikuwa jikoni na watoto, tunawasikia wakigombania viti.

"Unajua kumbe nilikuwa naonyesha?" Verlin akasema. "Kidole. Mwaka uliofuata nilikuwa nacheza besiboli ya timu ya kanisa, Jumamosi, sisi na mafundi magari. Upande wao kuna bwana mmoja muuza bima aliyewajazia timu, ana miwani minene kama kitako cha chupa. Mara ya kwanza tu kusimama mbele yangu ananiambia, 'Ndugu yangu, mbona kidole chako kinanyanyuka?'" Akacheka kidogo. "Muuza bima!"

"Verlin," nikasema, "asubuhi ile uliyonipa gongo..."

"Chai yako imekuwa maji. Nikuongezee?"

"Nisikilize kwanza. Asubuhi ile nili..."

"Mzee." Akaweka glasi chini. "Usiseme."

"Nimetoka mbali kuja kusema."

"Najua ulichokuja nacho. Ulipopiga simu nilijua. Mtu hapotei miaka minane halafu akakumbuka maharage ya Nadine ambayo hajawahi kuyaonja. Muuza bima aliona, sembuse wewe." Hakuwa amepandisha sauti. "Nilikuchukia mwaka mzima. Nilikuwa nakata kuku nakuchukia. Ikanichosha."

"Basi niache nikuombe..."

"Hapana. Mimi nina siku kumi na tisa. Sina nyingine na sitapata nyingine. Watu wakinisimamisha dukani wananiuliza ilikuwaje kule juu. Niwaambie nini, kwamba nilipigwa? Nawaambia kulikuwa na Garland Meeks, alinishika kama mdogo wake, alinifundisha, alinipeleka kula mbavu. Nadine anaamini. Watoto wanaamini. Siku nyingine hata mimi naamini. Ukishalisema hilo neno lako hapa, utaondoka umepumua, mimi nitabaki na nini?"

Nililia, mtu mzima, mbele yake, na yeye akatazama barabarani mpaka nikamaliza.

"Jifute uso," akasema. "Wanatuita."

Tukaingia ndani. Nadine alinikalisha kiti cha mgeni, watoto wakanikodolea macho kana kwamba mimi ni mtu wa maana. Tukashikana mikono kuzunguka meza, Verlin akiwa ameushika wangu. Nadine akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula, kisha akanitaja kwa jina na kumshukuru kwa rafiki wa kweli aliyesimama na mume wake siku zile wengine walipomkimbia. Verlin akasema amina. Akaubana mkono wangu kwa vile vidole vyake, akaningoja. Nami nikasema amina.